Pa Kula Bagamoyo

Lupakisyo, karani wa stesheni ya Kilosa, aliwahi kupelekwa kozi Bagamoyo mara moja tu maishani mwake, na tangu aliporudi akawa anaujua mji ule kuliko waliozaliwa huko. Asubuhi tuliyosafiri alitusindikiza mpaka mlangoni mwa behewa, akasimama dirishani kunielekeza pa kula. Wali wa nazi, niende hoteli kubwa ya ufukweni. Pilau, kwa Mshihiri karibu na msikiti. Samaki wa kukaanga, pale pale wanaponadiwa, wakiwa bado wanarukaruka.

"Ila msithubutu kula kwa Bi Mwamvua, pale ukutani mwa soko," alisema treni ikiwa imeshaanza kusogea, naye anaifuata. "Chakula chake kizuri, lakini yule mama ana mdomo! Atawaaibisha mbele za watu."

Nilimshukuru, ingawa safari ile kwangu haikuwa ya kustarehe. Mume wangu Kornelio, gadi wa treni za mizigo, alikuwa ameacha kula. Sisemi alikuwa mchaguzi. Wachaguzi nawajua, unawagombeza kidogo wanakula. Yeye alikuwa anakaa mezani kwa adabu zote, ananawa, anamega tonge, analizungusha vidoleni mpaka linapoa, kisha analirudisha sahanini. Siku aliyokunywa chai ya rangi na kumaliza kiazi kimoja, nilikuwa namshukuru Mungu. Mkanda wake alikuwa ameutoboa matundu mapya kwa msumari. Daktari wa zahanati alimgongagonga kifua na mgongo, hakuona ugonjwa, akaniita pembeni.

"Mama, mwili hauna ghala," aliniambia. "Akiendelea hivi hutafika naye Krismasi. Mwondoe hapa, abadilishe hewa, ale."

Likizo ikatoka, waranti ya kusafiri bure kwa treni ikatoka. Kwa kuwa bahari ndiyo iliyokuwa mbali zaidi na nyumba yetu, nikachagua bahari.

Nyumba yetu ilikuwa imefiwa. Binti yetu Yudith, naye alikuwa mmoja tu, alikufa kwa kipindupindu masika ya mwaka ule wa sabini na nane. Alikwenda na baba yake Mikumi kumsalimia mama yangu, wakarudi kwa treni ya Kidatu, na kesho yake mtoto akaanza kuharisha. Siwezi kusimulia zaidi ya hapo. Walimzika mabwana afya wenye mabuti, kwa chokaa. Hatukuruhusiwa kukaa matanga. Hakuna aliyepika kwetu wala aliyekula kwetu. Godoro lake lilichomwa moto nyuma ya kota za reli huku majirani wakichungulia madirishani.

Hata watani walizuiwa. Mume wangu ni Mnyamwezi. Babu yake alifika Kilosa na reli, akabaki. Kwa Mnyamwezi, Mzaramo ni mtani. Anaweza kukutukana hadharani, anaweza kukunyang'anya kofia kichwani au tonge mdomoni, nawe huna ruhusa ya kukasirika, ruhusa yako ni kumlipa vivyo hivyo tu. Ukifiwa, mtani ndiye anayekuja kumwigiza marehemu, analala kaburini na kugoma kutoka mpaka alipwe, anawachekesha wafiwa mpaka wanakubali kula. Wazaramo wa Kilosa walikuja siku ile. Walisimama nje ya kamba waliyoifunga mabwana afya, wakaambiwa warudi, wakarudi. Niliwaona wakigeuka, lakini nilikuwa nalia, sikulitia maanani.

Basi tukashuka treni, tukapanda basi, tukafika Bagamoyo, tukapata chumba katika gesti moja safi, na mimi nikaanza kuzunguka na mume wangu kutafuta pa kula.

Hoteli kubwa ya ufukweni ilikuwa na viti vingi na chakula kichache. Mhudumu alikuja na koti jeupe lenye doa la mchuzi, akatuambia wali umekwisha na samaki hawapo.

"Samaki hawapo," nilimwambia, "na bahari ile pale?"

"Mama, bahari ni ya Mungu, friji ni ya shirika," alijibu. "Friji imekufa."

Akatuletea mkate na mayai ya kukaanga. Kornelio alilitazama yai, nalo likamtazama. Alikata kipande cha mkate, akakipaka siagi vizuri kabisa mpaka pembeni, akakiweka. Nilikula mkate wake, nikala na yai lake, kwa sababu kutupa chakula mwaka ule ilikuwa dhambi, na kwa sababu nilikuwa na njaa. Hilo ndilo lililokuwa linaniudhi. Mimi ndiye niliyekuwa ninanenepa.

Kwa Mshihiri pilau ilikuwepo kweli. Harufu yake tuliipata tukiwa bado tunapita msikiti, na mate yalinijaa. Kornelio alikaa, akalivuta bilauri la maji karibu, akaliinua kwenye mwanga.

"Maji haya mmechemsha?" alimuuliza kijana aliyetuhudumia.

"Yamechemshwa, mzee."

"Nani aliyachemsha?"

"Moto," alisema kijana, watu wa meza ya pili wakacheka. Kornelio hakucheka. Alilirudisha bilauri mezani taratibu, na pilau ikapoa mbele yake mpaka mafuta yakaganda.

Samaki wa mnadani ndio walionimaliza nguvu. Nilimnunulia changu mzima, wa moto, amekaangwa mpaka mapezi yanavunjika, pamoja na ndimu na pilipili. Alimshika kwenye karatasi kwa mikono miwili. Nikahesabu moyoni kwamba sasa atakula, kwa sababu alikuwa amemwinua mpaka karibu na midomo. Nzi wakaja. Akamshusha, akamwita paka, akampa.

Pale nilipandwa na hasira mbele za wavuvi wote. "Unataka nikuzike na wewe?" nilimwambia. "Sema basi! Sema unataka kufa nijue moja, nirudi Kilosa nikaanze kutafuta mbao!"

"Nisamehe, Mama Yudith," alisema. "Koo limefunga."

Angenitukana ningepumua. Lakini aliniomba msamaha, kwa jina la mtoto, huku suruali inamvuka kiunoni. Nilishapika, nilishabembeleza, nilishalia, nilishanyamaza, nilishamlisha kwa mkono kama mtoto mchanga naye akalishikilia tonge shavuni mpaka nilipotoka akalitema. Nilikuwa nimebaki na macho tu ya kumtazama akiisha.

Kesho yake nilimpeleka kwa Bi Mwamvua. Nisidanganye, sikumpeleka nikiwa na matumaini ya chakula. Nilikuwa natafuta mtu wa kugombana naye, na Lupakisyo alishaniambia mtu huyo anapatikana wapi.

Bi Mwamvua alikuwa mama wa makamo, mnene, amejifunga kanga kifuani na nyingine kichwani, ameketi ukutani mwa soko kati ya sufuria mbili, moja ya pweza na moja ya mihogo ya nazi. Wateja walikaa kwenye mabenchi kumzunguka. Kornelio, ambaye adabu haikumtoka hata katika hali ile, alimwinamia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mnatoka wapi na sura za Ijumaa Kuu?"

"Kilosa, bibi."

"Wewe si wa Kilosa. Masikio hayo si ya Kilosa. Kabila gani?"

"Mnyamwezi."

Upawa ulisimama hewani. "Toba yarabi! Mnyamwezi! Na mzigo umeuweka wapi, mpagazi wangu? Babu zako walikuja pwani na pembe kichwani, wewe unakuja na tumbo tupu?" Alinyanyuka, akamvua mume wangu kofia yake ya ugadi, akaivaa juu ya kilemba. Mabenchi yote yakaangua kicheko.

Nilikwishafungua mdomo nimpe alichokuwa anakitafuta. Kisha nikamwona Kornelio. Pembe ya mdomo wake ilikuwa imepanda.

"Nyamaza wewe Mzaramo," alisema, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu masika. "Mnacheza ngoma mpaka mihogo inaota majani sufuriani. Sisi tungebeba nini, na nyie hamjavuna kitu?"

Nilikaa chini polepole, niliogopa hata benchi lisilie. Bi Mwamvua alifurahi mno. Alimtukana miguu, akamtukana mkanda wenye matundu, akamwekea sahani iliyojaa pweza na mihogo. Kornelio alinawa, akamega, akaanza kulizungusha tonge. Likapoa. Moyo wangu ukarudi pale pale ulipokuwa.

"Mbona huli? Umeona chawa?" Bi Mwamvua alimuuliza.

"Amefiwa," nilijibu mimi. "Mtoto wetu. Hali tangu masika."

Sikuona huruma usoni pake, na nilikuwa nimeshazoea kuiona kwa kila mtu mpaka imenichosha. "Nani alilala kaburini?" aliuliza.

"Hakuna. Kilikuwa kipindupindu. Watani walirudishwa."

"Nani alimwigiza?"

"Nimekwambia hakuna, bibi."

"Hakuna!" Aligonga sufuria kwa upawa. "Jamani, mnamsikia? Mnyamwezi amezika kimyakimya, ametudhulumu watani wake! Wizi huu!" Akaja mbele ya mume wangu, akaketi mchangani na miguu ameinyoosha, mama mzima, kofia ya gadi kichwani, na sauti yake ikawa ya mtoto. "Mimi ndiye marehemu. Siondoki hapa mpaka nilipwe. Baba! Baba, nimechoka na treni. Baba, nina kiu. Utaninunulia nini?"

Damu ilinipanda kichwani. Watani wanafanya hivyo, najua, ni kazi yao, lakini yule alikuwa mwanangu. Nilisimama, nikainua mkono nimpige kibao. Ndipo Kornelio akasema neno ambalo sikulitegemea.

"Togwa."

"Togwa gani, baba?"

"Ulililia togwa," alimwambia Bi Mwamvua, akimtazama chini pale mchangani, nadhani hakumwona Bi Mwamvua kabisa. "Treni iliposimama njiani, tukitoka kwa bibi yako. Walikuwa wamekataza kuuza vyakula kwa sababu ya kipindupindu, lakini kulikuwa na mama mmoja ameficha mtungi ndani ya kanga. Nikamwita dirishani. Nikakununulia kikombe kizima. Ukakishika kwa mikono miwili, ukanywa mpaka ukanichekea na povu mdomoni. Mimi sikunywa. Sikuwa na kiu."

Mimi niliyabeba yale mateso yote pamoja naye, nikaishi naye chumba kimoja, nikamuuliza mara ngapi mtoto alikula nini njiani, akaniambia hajui. Kumbe alijua. Alikuwa amelifungia neno lile kooni, ndiyo maana hakuna kilichopita.

Nilifikiri Bi Mwamvua sasa ataona haya. Hakuona. "Baba mchoyo wewe!" alilia kwa ile sauti ya kitoto. "Kikombe kizima hukuonja hata tone! Ungekunywa tungekwenda wote, ningepata wa kunibeba, si Mnyamwezi wewe?" Akanyanyuka, akainyakua sahani ya Kornelio, akaanza kula yeye, vipande vikubwavikubwa, mchuzi ukimtiririka mkononi. "Leo zamu yangu. Haya ndiyo malipo yangu ya kaburi. Kaa hivyo hivyo na njaa yako."

Kornelio alikuwa analia. Kamasi, machozi, vyote. Halafu katikati ya kile kilio kikamtoka kitu kingine, kikohozi nilidhani, kumbe kicheko. Mkono wake ukaruka. Akamnyang'anya Bi Mwamvua kipande cha mhogo vidoleni, akakitia mdomoni chote.

"Mwizi! Rudisha!"

Akanyang'anya pweza. Akameza, nikaliona koo likipanda na kushuka. Akanyang'anya tena. Bi Mwamvua alimpiga vibao vya mgongoni, akamwita fisi, akamwita mtoto wa njaa, huku anaisogeza sahani karibu yake. Alipoimaliza ile alimwibia nyingine kutoka sufuriani kwa mkono wake mwenyewe, na watu walipiga makofi. Mimi nilikuwa bado nimesimama, mkono wangu uko juu. Sikujua niuweke wapi.

Siku zilizobaki alikula. Mwanzoni kwa Bi Mwamvua tu, na kwa kunyang'anya tu, ukimwandalia hagusi. Kisha akala pilau ya Mshihiri bila kuuliza maji. Tulipokwenda kuaga alikuwa anatafuna kitumbua. Bi Mwamvua alikataa kurudisha kofia, alisema nayo ni malipo ya kaburi, na Kornelio akasafiri kichwa wazi akiwaza atamweleza nini stesheni masta.

Mimi nilitaka kumshukuru yule mama na nilitaka bado kumpiga. Alinishika mkono pembeni. "Na wewe, mama, watani wako kina nani?"

"Mimi Msagara. Watani wangu wako kwetu, Kilosa."

"Basi waendee. Wewe nimekuona unakula, lakini ulikuwa unakula kwa ajili yake."

Nikaitikia.

Ndani ya treni Kornelio alinunua mayai, akanunua karanga, akanunua ndizi. Kila alipomeza nilimsikia, na nilisikia kikombe kizima. Alikuwa mwepesi, anazungumza na abiria, anawaelekeza pa kula Bagamoyo kama Lupakisyo wa pili. Aliutua mzigo wake ukutani mwa soko, mbele ya watu wasiotujua, na mimi ndiye niliyekuwa nimesimama chini yake. Sikumchukia. Laiti ningemchukia ingekuwa rahisi. Nilimwona mtoto tu, na povu mdomoni, akimchekea.

Watani wangu ni majirani, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Ningewaita wangekuja siku hiyo hiyo, wangekaa chini uani na kuita, "Mama, nina kiu." Lakini ningewajibu nini? Ningelazimika kusema alikunywa nini na alipewa na mkono wa nani. Kilosa ni ndogo. Kabla ya Jumapili kila stesheni ya njia ile ingekuwa na jina jipya la kumwita gadi Kornelio, na mama yangu Mikumi angelisikia. Bagamoyo neno lile lilisemwa likabaki. Hapa lingetembea. Basi nikalimeza, na baada ya hapo sikuweza kumeza kitu kingine.

Lupakisyo alikuja kutusalimia. "Haya, semeni, mlikula wapi?" Kornelio alimsimulia akiwa na tonge shavuni, akimwiga Bi Mwamvua, Lupakisyo akicheka na kusema si nilisema, si nilisema ana mdomo. Nilikuwa nimepika ugali na perege wa mto Mkondoa. Alipoondoka, Kornelio aliomba ugali mwingine. Nikampa. Ndipo akaiona sahani yangu.

"Mama Yudith, mbona huli?"

"Nimeonja jikoni."

Kisha akatabasamu, yule mume wangu niliyemtafuta pwani nzima nikampata, akanyoosha mkono, akaninyang'anya samaki sahanini. Akamshikilia hewani, juu kidogo ya meza, akinisubiri.

"Haya. Ninyang'anye."

Niliutazama mkono wake. Nilitaka kucheka, Mungu anajua nilitaka. Nilijua hasa ninachotakiwa kufanya, nilishaona kikifanywa, lakini mikono yangu ilibaki mapajani. Alisubiri mpaka tabasamu likamwisha. Akamrudisha yule samaki sahanini kwangu, akamgeuza vizuri upande wenye nyama ukae juu, akakaa akinitazama.